Mitihani ya barzani kwa Mama Ngalula

Feza mwanangu,

Humu ndani usitafute habari za blanketi wala za unga wa njiani. Hayo nimeyasema tangu juzi mpaka umeziba masikio, na yaliyobaki nitayapigia kelele kesho asubuhi kamio, lile lori la Lubumbashi, ikipakia. Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimebaki mezani peke yangu, jua bado liko juu ya mabati ya nyumba za kampuni hapa Kapata. Nikasema, ngoja niandike yale ambayo mdomo wangu unayaharibu kila ukijaribu. Karatasi hii nitaiweka chini ya mto wako. Isome leo, kabla hujalala. Kesho itakuwa imechelewa.

Nina wivu. Naanza hapo ili tusizungukane. Nina wivu na Mama Ngalula, jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye hayuko tena Kapata, ambaye nyumba yake wanalala watu tusiowajua, na ambaye pengine saa hizi anatafuta pa kuweka sufuria huko Kasai, nchi ambako hakuzaliwa. Mtu amenyang'anywa kila kitu, na mi mama yako bado ninamwonea wivu. Wewe sema kama hiyo ni akili.

Unakumbuka ilivyoanza. Ulipopata diploma yako ukasema unataka kufanya konkuru, mtihani wa kuingia shule ya juu ya biashara kule Lubumbashi. Tata, baba yako, akasema vema. Mi nikasema tutafunga na kuomba, Mungu atafungua mlango. Mama Ngalula, mwalimu wa komersi, hesabu za biashara, alitukuta tunachota maji kwenye bomba, akauliza swali moja tu.

"Feza, ile konkuru umeisha kuifanya mara ngapi?"

Ukacheka. "Hata mara moja, Mama Ngalula. Njo mara ya kwanza nitaenda kuifanya."

"Ah, hapana. Kuya kesho saa sita ku barza yangu. Tutaifanya hapa mpaka ikuzoee."

Mi nilikuwa na ndoo kichwani, nikaiweka sawa. Lakini roho iliniuma palepale. Nilikuwa nimekupa sala, na yeye alikupa kesho saa sita mchana.

Basi ukaanza kwenda. Alikuwa na maswali ya konkuru za zamani aliyoyakusanya kwa wanafunzi wake waliotangulia, mengine akiyabadilisha hesabu zake ili usije ukakariri majibu. Uliketi kwenye meza yake ndogo, yeye akiketi mbali kidogo, na wakati wote ule hapakuwa na kuulizana, hapakuwa na maji ya kunywa, hapakuwa na kusimama. "Kule hakuna mutu atakuletea maji," alisema. Mi nilikuwa uani kwangu natwanga majani ya sombe, nikikuona mgongo tu. Nilitwanga kwa nguvu. Siku zile sombe yetu ilikuwa laini kupita ya cité yetu nzima ya Kapata.

Kilichoniudhi zaidi ni kile mlichofanya baadaye. Mtihani ukiisha, mimi ningeuliza umepata ngapi. Yeye hakuuliza. Alichukua yale uliyokosea tu, mkayaweka katikati kama samaki wa kuparua, akauliza: hili kosa limetokea wapi? Hukujua? Ulijua ukakimbia? Ama ulisoma swali uliloogopa, si swali lililoandikwa? Na nyinyi wawili mkacheka juu ya makosa yako! Kwetu hapa nyumbani hukuwahi kucheka juu ya kosa. Nilikulea ukiogopa kukosea mbele yangu, kisha nikashangaa kwa nini unakwenda kukosea kwa mwingine.

Halafu ikaja ile siku uliyotoka barzani ukaita, "Mama, nimesahau kalamu yangu ya biki!" Nikaitika kutoka jikoni, "Iko wapi?" Kumbe hukuniita mimi. Ulimwita "mama" bila jina. Naye akaitika, kama mtu aliyezoea. Nilirudi kwenye mbabula nikapuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu.

Feza, na wewe pia nilikuonea wivu. Hilo hulijui. Nilipokuwa msichana kule kwetu kaskazini, masista wa misioni walitupa mtihani wa kuingia shule ya ualimu. Nilikuwa wa kwanza darasani. Walitupa karatasi, na mi sikuwa nimewahi kuona karatasi ya namna ile. Nikaanza juu, swali la kwanza, nikaliweza. La pili nikaliweza. La tatu likanikamata shingo. Nikakaa nalo. Nilifikiri kuliacha ni dhambi, ni kama kuruka mtu kwenye mstari wa komunyo. Nilikaa na lile swali la tatu mpaka sista alipokuja kukusanya, na ukurasa wa nyuma sikuwahi kuugeuza. Nyumbani walisema sikubahatika. Miaka yote nimeishi nikiamini mi si mtu wa shule.

Siku zile nipo uani, nasikia Mama Ngalula anakuambia, "Hili linakukataa? Ruka, mama, ruka. Utalirudia." Ruka! Neno moja lile. Lingenifikia mimi wakati ule, nani anajua leo ningekuwa nani? Na wewe ulikuwa unapewa bure, kwenye barza, mara mbili kwa juma, na ukapiga miayo. Ningekuchapa kwa wivu.

Kisha likatokea lile jambo la sirene. Wewe utacheka ukisoma hapa, mi bado sijui kama nicheke. Kapata hatukuwa na saa, tulikuwa na sirene, king'ora cha kampuni ya shaba. Tumeamka kwa sirene, tumekula kwa sirene, na wengine nadhani tumezaa kwa sirene. Kwa hiyo Mama Ngalula, ambaye saa yake ya mkononi ilikuwa imekwenda zamani na mishahara ya walimu, alipima mtihani wako hivyohivyo: unaanza sirene ya kupumzika ikilia, unaweka kalamu chini sirene ya kurudi kazini ikilia. Pumziko la mchana na konkuru vilikuwa na urefu mmoja. Nani angefikiria zaidi? Na ulikuwa unamaliza! Kila mara ulimaliza, ukabakiza na nafasi ya kusahihisha. Mama Ngalula alitembea Kapata nzima akikusifu. Hata mi nilisifu, nikauma meno.

Ni tata yako aliyetoboa. Wakati ule alikuwa bado anakwenda Mashamba, lile shimo la shaba la kampuni, ingawa kuchimba kwenyewe kulikuwa kumekwisha karibu kote. Tulikuwa tunakula bukari, akasema kama mtu anayesema mvua itanyesha: "Bantu ya hapa munalala sana mchana siku hizi. Mwenye kupiga sirene ya kurudi anangojea basi ya bafanyakazi ifike kwanza. Na basi haina mafuta. Leo alipiga jua likiwa limeshaanza kwenda chini."

Niliacha tonge mkononi. Cité nzima ilikuwa inapumzika na kuzidisha, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu nani ananung'unika akiongezewa usingizi? Na mitihani yako yote, mwanangu, ilikuwa imenyoshwa pamoja na usingizi wetu.

Unafikiri nilihuzunika? Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasahau kunawa. Nilitoka na unga vidoleni, nikavuka ua, nikamkuta Mama Ngalula anakusuka nywele (anakusuka nywele!), nikasema mbele yako, kwa sauti ya sokoni: "Mwalimu! Ile saa yako ni ya bongo, inadanganya. Mutoto yangu unamupoteza." Nikaeleza yote. Nilitaka uone. Nilitaka umtazame kwa macho mengine.

Mlikopa saa ya mkononi kwa katekista, mkafanya mtihani siku iliyofuata. Ulipoambiwa weka kalamu chini, ukurasa wa mwisho ulikuwa mweupe kabisa. Ukalia. Mi nikasimama kwenye ua, nikingoja ukimbilie kwangu. Mama Ngalula akaweka mkono mdomoni, kisha akacheka kile kicheko chake cha tumbo.

"Afazali tumeanguka hapa, mu barza," akasema. "Hapa tunaanguka bule. Kule tungeanguka kwa kweli." Kisha akanigeukia. "Mama Feza, aksanti sana. Weye njo umetuokoa."

Ukamkumbatia. Yeye! Mi ndiye niliyeleta habari, yeye ndiye aliyekosea, na yeye ndiye aliyekumbatiwa. Nilirudi nyumbani nikakuta tata yako amemaliza mboga.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu. Maneno yalianza redioni, yakaja sokoni, yakafika kwa vijana waliokuwa wanacheza mpira na watoto wa Mama Ngalula. "Bakasai barudi kwabo!" Kwabo wapi? Baba yake Mama Ngalula aliletwa na kampuni kutoka Kasai kuchimba shaba hii kabla baba yangu hajauona mji huu wa Kolwezi kwa macho. Alizaliwa hospitali ileile niliyokuzalia wewe. Lakini nani alikuwa anauliza. Kampuni ilikuwa inakufa, mshahara haukuja, posho ya unga ilikoma, na watu wenye njaa walielezwa kwamba njaa yao ina kabila.

Siku walipokuja kwenye nyumba yake, wakavunja dirisha na kumwambia ana mpaka kesho, nilikuwa nyuma ya mlango wangu. Sikupiga kelele pamoja nao. Sikurusha jiwe. Lakini ndani yangu, Feza, kulikuwa na sauti ndogo iliyosema: sasa mwanangu atarudi mezani kwangu. Hiyo ndiyo sauti. Niliisikia vizuri kama ninavyosikia kuku wa jirani sasa hivi. Watu husema uchungu wa mwana aujua mzazi. Ni kweli, lakini hawasemi kwamba uchungu huo unaweza kumfanya mzazi anyamaze nyuma ya mlango.

Hukurudi mezani kwangu. Mama Ngalula na watoto wake walipohamia gare, kituo cha treni, wamelala chini na wengine wengi kupita macho, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, wewe ulianza kutembea kwenda huko. Kutoka Kapata kwa miguu, na karatasi zako ndani ya kikwembe ulichojifunga. Nikasema nitakusindikiza. Ulifikiri ni huruma, hata ukanishika mkono. Nilikwenda kukuchunga tu. Nilibeba chungu cha maharagi ili nisionekane mikono mitupu.

Nilivyoviona kule sitaviandika, uliviona mwenyewe. Watoto walikuwa wanakohoa, na harufu ile. Na katikati yake Mama Ngalula ameketi juu ya furushi la nguo, mtihani wako magotini, anasema, "Hapa ulikimbia tena, mama. Ona. Swali linauliza faida, weye umetafuta bei." Nilimtazama yule mama aliyelala chini kwa majuma, nywele zimejaa vumbi, na nikaona jinsi ulivyomwegemea bega. Nikawa na wivu palepale, juu ya reli, mbele ya watu wasio na kwao. Nikajiambia, we mwanamke, huoni haya?

Akanivuta pembeni kabla hatujaondoka.

"Mama Feza, asikuye tena hapa. Njia ni mubaya, na siye hatujue treni itakuya lini. Sasa ni weye utamusimamia."

"Mi? Mi Kifaransa ya konkuru sijue."

"Haiombe kujua. Inaomba kukaa tu na kunyamaza mpaka amalize."

Nikajisikia nimedharauliwa. Kukaa na kunyamaza, hiyo ni kazi gani? Hata kiti kinaweza.

Kumbe haiwezekani! Wewe ni shahidi. Siku ya kwanza, na saa ya katekista mkononi mwangu, hukuwa umegeuza ukurasa nikauliza kama umekula vizuri. Ukajibu. Baadaye nikasema dirisha linakupiga jua, sogea. Kisha nikaona umeinama sana nikakuambia nyosha mgongo, utakuwa kama bibi yako. Ukaweka kalamu chini: "Mama, unanikata! Kule hakuna mutu wa kuniambia ninyoshe mugongo!" Na ukakosa kuliko siku zote. Ukachukua karatasi ukaenda gare bila kunisubiri. Nilikaa kwenye kiti chako nikalia kwa hasira, na nilikuwa nimekukasirikia wewe, si yeye. Nilijiuliza kama alivyokuwa anauliza yeye: hili kosa limetokea wapi? Nikajibu mwenyewe, maana hakukuwa na mtu mwingine. Sijawahi kukuacha ufanye kitu mbele yangu bila mkono wangu kuwa ndani yake. Nilidhani huko ndiko kukulea.

Basi nikajifunza. Nilijifunza kunyamaza kwa mitihani, kama wewe. Mara ya kwanza nilianguka, mara ya pili nilianguka, mara ya tatu nilisema neno moja tu. Na juma lililopita, siku ile, nilikaa kwenye kiti cha mlangoni, saa mkononi, maharagi kwenye mbabula. Ukaandika. Ukakwama, nikaona kwa bega lako kwamba umekwama, na ulimi wangu ukaanza kuwasha. Ukaruka lile swali. Nikanyamaza. Nikaanza kusikia harufu. Maharagi yalikuwa yanashika chini. Feza, yale ndiyo yalikuwa maharagi ya mwisho, tata yako yuko Dilolo, kule mpakani, akitafuta cha kuleta na hatujui atarudi lini. Kuinuka ilikuwa lazima niburute kiti, na kelele ingekukata. Nikabaki. Nilikaa pale nikanusa chakula chetu kikiungua mpaka dakika ikafika, nikasema, "Weka kalamu chini."

Ulimaliza yote. Na lile uliloliruka ulikuwa umelirudia. Tulisahihisha pamoja na yale majibu aliyotuachia Mama Ngalula, na nikaona uso wako unafunguka. Nikangoja. Nilikuwa na haki ya kungoja, si ndiyo? Nyumba imejaa moshi, nimechoma chakula kwa ajili yako, nimefunga mdomo mimi ambaye hata kanisani naombwa ninyamaze. Ukainuka, ukasema:

"Mama, twende haraka! Twende tumuonyeshe Mama Ngalula!"

Nikavaa viatu.

Tulikuta treni imefika. Watu walikuwa wanapanda mabehewa ya mizigo, wengine juu kabisa, wakivutana na godoro na watoto. Tulimtafuta mpaka ukamwona kwenye mlango wa behewa, ameshika mtoto wake wa mwisho kiunoni. Ukampa karatasi yako juu. Na kweli, pamoja na yale makelele yote, aliisoma. Hakutazama ulivyopata. Alitafuta ulivyokosa. "Hapa na hapa tu," akasema. "Haukukimbia." Kisha akanitazama mimi.

"Nani alishika saa?"

"Mi."

"Ulinyamaza?"

"Nilinyamaza mpaka maharagi ikaungua."

Akacheka kile kicheko chake, na machozi yakimtoka. Akainama, akanishika mkono, akasema, "Aya, Mama Feza. Nimekuachia Feza."

Kuniachia! Mwanangu mwenyewe, niliyembeba tumboni, niliyemnyonyesha, ananiachia mimi! Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu tayari, kali, la sokoni. Treni ikashtuka, mkono wake ukatoka kwenye wangu, na jibu likabaki na mimi. Liko hapa mpaka leo, na sina wa kumpa. Ni kweli aliniachia, Feza. Nampa haki yake: kwa muda fulani ulikuwa kwake, na alikurudisha ukiwa mzima kuliko nilivyokupeleka.

Konkuru yenyewe siiogopi tena. Umeisha kuifanya mara nyingi, kwa sirene ya uongo na saa ya kweli, barzani na juu ya reli. Kule Lubumbashi itakuwa mara moja nyingine tu. Na siku majina yakibandikwa ukaona la kwako, mwandikie yeye kwanza. Kuna watu wa parokia wanaopeleka barua mpaka Kasai. Mwandikie yeye kabla yangu. Nitajua, nitaumia, nitapona.

Lakini kuna jambo moja ambalo siwezi kumwachia. Treni ilipoondoka, ulikaa chini kwenye mawe ya reli ukamlilia. Ulilia kwa sauti, ukapiga mapaja, mpaka wanawake wasiokujua wakaja kukuinua. Mi nilisimama pembeni na mkoba wako. Sijawahi kuona ukimlilia mtu hivyo. Tangu siku ile nikilala nakusikia.

Kesho wewe utapanda kamio, na mi nitakuwa chini. Nimejiambia sitakutazama machoni. Najijua, nitakutazama. Wewe ni mtoto wa kujikaza mbele yangu, mi mwenyewe nilikufundisha hivyo, nilikuwa nakuambia machozi ni ya watoto wa watu wavivu. Basi kesho usijikaze. Siombi kama ulivyomlilia yeye. Naomba kidogo, mama, kidogo tu, na iwe mahali ambapo mi ninaona.

Mama yako